Ugonjwa wa kurithi wa tezi za adrenali: mtoto anatibiwaje?

Ni ugonjwa gani huu?
Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali. Mtoto akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, tezi hizo hushindwa kutengeneza kotizoli ya kutosha, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa, na mara nyingi aldosteroni pia, homoni inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Homoni za kiume nazo huzidi. Ndiyo maana baadhi ya watoto wa kike huzaliwa na maumbile ya siri yanayomtatiza mkunga, asijue ni wa kike au wa kiume. Wa kiume huonekana hana neno, kisha wiki ya pili au ya tatu anatapika, hanyonyi, amelegea. Msimsingizie jicho la mtu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Anapewa dawa gani?
Vidonge vya haidrokotisoni, badala ya kotizoli, kwa kawaida mara 3 kwa siku. Anayepoteza chumvi huongezewa fludrokotisoni, badala ya aldosteroni, na mtoto mchanga hupewa na chumvi yenyewe. Chumvi hiyo hupimwa na daktari, haikisiwi kwa kijiko, hata kwa sisi wa Lindi tunaoivuna pwani. Dozi ya haidrokotisoni ikizidi, mtoto hakui vizuri, anadumaa; ikipungua, anabalehe mapema na kuishia kuwa mfupi. Kwa hiyo kliniki haikwepeki: hospitali ya Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi), au mtakakopewa rufaa.

Atapona?
Hapana, dawa ni za maisha. Lakini atasoma, atacheza, na wengi huzaa. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo krinesafonti, inayosaidia kupunguza dozi ya haidrokotisoni, si kuiondoa.

Na mdogo wake?
Kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa huu. Semeni mapema kliniki ya wajawazito.

Akipata malaria je?
Hapa ndipo watoto wanapopotea. Mwili wenye afya ukipata homa huongeza kotizoli wenyewe, wake hauwezi. Kwa hiyo siku za homa haidrokotisoni huongezwa mara 2 hadi 3, kama daktari alivyowaandikia. Akitapika vidonge, anahitaji sindano ya haidrokotisoni: kwa kawaida miligramu 25 kwa aliye chini ya miaka 3, 50 hadi miaka 12, 100 kwa mkubwa zaidi. Mwombeni daktari ayaandike hayo kwenye kadi, na kadi isafiri na vidonge msimu wa korosho familia inapohamia shambani. Mkifika zahanati, bibi au yeyote aliyembeba aitoe kwanza. Kipimo cha malaria kifuate baada ya sindano.