Karatasi ya Pangani na faida ya shahada za insia

Mwaka jana familia moja ya Pangani ilinijia hapa Tanga na karatasi kuukuu iliyoshonewa ndani ya kitambaa, ikitaka kujua ni dua ya maradhi gani. Wengi wetu wa pwani tukiona hati za Kiarabu hudhani ni Kurani au dua, ilhali masandukuni mwa wazee zimo pia barua, mikataba na hesabu za madeni zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Hii ilikuwa mkataba.

Mimi ni mwanahistoria niliyesomea pia isimu, yaani elimu ya lugha, na kila mwaka wazazi huniuliza shahada za insia, yaani za masomo kama historia na lugha, zinaifaa nini nchi inayohitaji wahandisi na wauguzi. Swali hilo ni la haki, nami naona hujibiwa vibaya tunapokimbilia maneno makubwa kuhusu utamaduni. Afadhali nieleze kazi iliyofanyika juu ya karatasi hiyo moja.

Kwanza ilibidi isomeke. Alfabeti ya Kiarabu haina p, na waandishi wengi wa zamani waliitumia herufi ya b kwa sauti za b, p na mb, hivyo neno moja la mstari wa nne lingeweza kuwa bata, pata au mbata. Kando yake palitajwa frasila, kipimo cha karibu kilo 16, na mtu aliyezoea msamiati wa biashara ya pwani hutambua mara moja kwamba ni mbata, yaani nazi zilizokaushwa.

Neno lililokuwa na uzito zaidi lilikuwa jingine. Ukoo huo umerithishana masimulizi kwamba babu mmoja aliuza shamba la minazi la wenzake, na kizazi chake kimebeba lawama hiyo mpaka leo. Karatasi kweli inataja bei, yaani mauzo, lakini ni bei khiyari, na hapo asiyejua sheria na desturi za zamani za pwani hupotea. Katika bei khiyari muuzaji hubaki na haki ya kulikomboa shamba kwa kurudisha fedha aliyopokea katika muda waliokubaliana. Mara nyingi aliendelea kulikalia na kumlipa mnunuzi kodi, na kodi hiyo ilishika nafasi ya riba ambayo dini imeiharamisha. Kwa maana halisi ilikuwa rehani.

Tarehe nayo ilikuwa na lake. Rajabu ya mwaka 1306 wa Hijria ni Machi 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, miezi michache kabla majeshi ya Wissmann, kamanda wa Wajerumani, hayajaiteka Pangani. Biashara ilikuwa imevurugika, na mwenye minazi angeweza kabisa kuwa na mbata ghalani bila kuwa na fedha mkononi. Karatasi haikurudisha shamba, wala sikuwaahidi hivyo. Ila mzee wa tawi lililolaumiwa aliomba nimsomee mara tatu, na mara ya tatu nduguye wa tawi la pili alikuwa ameketi karibu naye.

Maarifa ya namna hii huokoa hata maisha. Ebola ilipoenea Afrika Magharibi mwaka 2014, watu walipinga mazishi yaliyowanyima heshima wafu wao na baadhi wakazika kwa siri, na wanaanthropolojia, yaani wataalamu wa mila na maisha ya jamii, walikuwa miongoni mwa waliosaidia kueleza kwa nini. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mazishi salama yenye heshima, unaoishirikisha familia na viongozi wa dini. Hapa nchini, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, tunahitaji wafasiri wanaojua kwamba neno moja likikosewa mtu hupoteza nyumba.

Lawama moja naikubali: tunawahitimisha vijana wa historia ambao hawajawahi kushika waraka halisi, na kijana wa namna hiyo hana la kumjibu mzazi wake. Kwa sababu hiyo wanafunzi wangu wa mwaka wa pili sasa huanza muhula na nakala ya karatasi ile, kwa idhini ya familia na majina yakiwa yamefunikwa, nami siwaambii mstari wa nne unasemaje.