Taa za Ziada za Tela: Anza na Ethi Kabla ya Kukata Waya

Tela lililoongezewa taa za pembeni linaweza kutoka gereji likiwaka vizuri, lakini baada ya safari chache dereva akikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka kwa mwanga hafifu. Au akiwasha taa ndogo, upande mmoja unafifia. Wengi hukimbilia kubadilisha balbu, wengine hukata waya na kuunga upya. Tafadhali usikate kitu kwanza. Kwa dalili hizo, mshukiwa wa kwanza ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri.

Umeme ukishatoka betri lazima upate njia ya kurudi. Kwenye lori la volti 24 lenye plagi ya pini saba ya mfumo wa ISO 1185, njia hiyo ni pini namba 1. Tela dogo la volti 12 la mfumo wa ISO 1724 linatumia namba 3, kwa hiyo thibitisha kwanza lako ni lipi. Pini hiyo ikishika kutu, umeme wa breki hurudi kwa kupitia balbu ya indiketa, na taa ambayo hukuiwasha inawaka.

Kupima ni rahisi. Washa taa zote, msaidizi akanyage breki. Ncha moja ya mita ya volti iunge kwa waya mrefu hadi hasi ya betri, nyingine iguse ethi ya taa ya nyuma. Ikizidi nusu volti, sogea mbele kuelekea kichwa (gari linalovuta tela) ukipima hatua kwa hatua. Tuseme taa ya nyuma inasoma volti 2, pini ya ethi upande wa tela karibu volti 2, lakini chesisi ya kichwa inasoma 0.1: ubovu uko kwenye plagi au waya wake. Kipimo hiki hakina maana taa zikiwa zimezimwa. Waya uliobakiza nyuzi mbili tatu za shaba bado utapitisha volti 24 kamili kwenye mita, na fundi ataapa ni mzima.

Fyuzi ikikatika, chomoa plagi ya tela kisha weka fyuzi mpya ya kiwango kilekile. Ikikatika tena, tatizo liko kwenye kichwa. Isipokatika, litafute kwenye tela, au hesabu mzigo: kwenye volti 24, balbu 20 za wati 5 zinavuta zaidi ya ampea 4. Mzigo huo upewe rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi yake. Kuziba pengo la fyuzi kwa kipande cha waya ni kualika moto, na kwa tela la mafuta kazi hii waachiwe mafundi waliofunzwa magari hayo tu.

Ukimaliza, washa taa na utikise kebo karibu na plagi. Taa ikipepesa, waya umekatikia ndani ya gamba, badilisha kebo.