Swichi ya taa haifai kukata sola

Ujiji utasikia fundi akisema: "Swichi ya taa ina ampea 10, paneli inatoa 8, shida iko wapi?" Shida ni aina ya umeme. Ule wa Tanesco hupita sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ndani ya swichi hujizima yenyewe. Wa sola haupumziki. Cheche inaendelea kuwaka, hasa paneli zikiungwa mfululizo (volti zao zinajumlika), mpaka plastiki inayeyuka. Niliwahi kufungua moja kwenye kibanda cha kuchaji simu: shaba imegeuka shanga nyeusi! Nunua swichi iliyoandikwa DC, yaani ya umeme usiopita sifuri kama wa sola, yenye volti kuzidi jumla ya volti za paneli zikiwa hazina mzigo (hazilishi kifaa chochote). Na kata paneli kwanza, betri baadaye.