Kashfa ya jinai: maana yake, na imekwenda wapi

Barazani Mji wa Kale, Mombasa, kahawa chungu ikizunguka, hukosi kumsikia mtu akitishia: "Nitakufunga kwa kashfa!" Na hukosi wa kumjibu: "Kashfa ilifutwa zamani, bwana." Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Kwanza, kashfa si tusi. Ukimwita mtu mshenzi mkiwa wawili faraghani, umemuudhi lakini hujamkashifu. Kashfa yataka neno la uongo linalomvunjia mtu heshima, limhusu yeye, na lifike kwenye masikio au macho ya mtu wa tatu. Kutaja jina si lazima. Tuseme mtu ameandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Yule mpishi wa harusi ya Jumamosi, mwenye masufuria ya buluu, mwizi wa nyama." Jina halimo, lakini kila aliyekula ile biriani ashamjua. Na wewe uliyeisambaza kwa kundi la shemeji zako, ukaongeza ka-emoji ka kucheka, umeichapisha upya. "Nimetumiwa tu" si utetezi.

Sasa hilo neno jinai. Kosa la jinai ni baina yako na serikali: polisi, seli, dhamana, kifungo. Kesi ya madai ni baina yako na aliyeumizwa, na mwisho wake ni fidia. Zamani mpishi wetu angeweza kushika njia zote mbili, kwa kuwa Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kiliifanya kashfa kuwa jinai, na aliyepatikana na hatia aliweza kufungwa hadi miaka 2.

Tarehe 6 Februari 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alikibatilisha kifungu hicho, katika kesi ya watu wawili walioshtakiwa kwa maandishi ya Facebook. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, yalinda uhuru wa kujieleza, na palepale yataka heshima ya wengine itunzwe. Uhuru huo waweza kuwekewa mipaka, ila mipaka ya kiasi. Hoja ya jaji: ikiwa fidia yatosha kumrudishia mtu jina lake, jela ya nini? Mimi naona hoja hiyo ni nzito, maana waliokimbilia polisi kwa kashfa mara nyingi si wanyonge.

Kilichokufa ni jinai. Madai yangali hai, na yauma. Mpishi ana miezi 12 ya kufungua kesi. Sheria ya Kashfa yasema ukimzulia mtu kwa maandishi kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 3, fidia haishuki chini ya shilingi 400,000; likiwa kosa la kunyongwa, haishuki chini ya milioni 1. Wizi wa kawaida kifungo chake ni miaka 3. Hesabu mwenyewe bei ya ule ujumbe. Ukweli ni kinga, lakini uwe na ushahidi wa hiyo nyama, si "kila mtu ajua".

Kisha pana mlango wa uani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, katika Kifungu cha 23, ilifanya kuwa kosa kuchapisha kwa makusudi habari za uongo ziwezazo kumharibia mtu sifa: faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Yaani kilichotolewa na miaka 2 kilirudi na 10. Waandishi wa blogu walikwenda mahakamani. Mei 2018 vifungu 26 vikasimamishwa, lakini Februari 2020 Mahakama Kuu ikaipitisha sheria hiyo, na ubishi ukasogea Mahakama ya Rufaa.

Ndiyo maana mtu akiitwa kituoni kwa sababu ya alichoandika mtandaoni, swali la kwanza la wakili wake huwa: kifungu gani, cha sheria ipi? Akijibiwa 194, hapo hapana kesi. Akitajiwa sheria ya 2018, basi avute kiti, atazame kwanza Mahakama ya Rufaa imesemaje.