Chipukizi la mpunga linapofanana na jani la kitunguu

Ukiona kwenye jaruba chipukizi lililogeuka mrija mweupe wa kung'aa, mviringo kama jani la kitunguu, lipasue kwa ukucha kuanzia chini. Ukikuta uwazi ndani yake na buu mmoja au pupa (hatua kati ya buu na mdudu kamili), huyo ni usubi wa mpunga wa Afrika, Orseolia oryzivora. Wakulima wengi humdhania funza wa shina. Chipukizi la funza wa shina hukauka, huwa la kahawia na huchomoka ukilivuta; la usubi hubaki limesimama, ila suke halitoi tena.

Usubi mwenyewe ana umbo la mbu, urefu milimita 3 hadi 5, na jike ana tumbo jekundu. Huishi siku chache tu lakini anaweza kutaga mamia ya mayai. Buu hujipenyeza kati ya ala za majani (sehemu za jani zinazokumbatia shina) mpaka kwenye kitovu cha chipukizi, na safari hiyo huhitaji unyevu. Ndiyo maana siku za mawingu na manyunyu ni za hatari. Anapokula pale chini, ala humzingira na kuwa mrija. Baada ya takriban wiki 4 tangu yai kutagwa, pupa hupanda hadi karibu na ncha na kutoboa tundu. Ukiona ganda jeupe limening'inia tunduni, mdudu keshatoka. Kupuliza dawa wakati huo ni kupoteza fedha, na dawa huua nyigu wadogo wanaomwangamiza.

Kazi ifanyike mapema. Pandikizeni mapema na kwa pamoja, kwa sababu shamba lililochelewa hupokea usubi waliozaliana kwa jirani. Mbolea ya yuria igawanywe kwa awamu: mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na mpunga uliozidishiwa naitrojeni humvutia usubi. Baada ya mavuno, limeni maotea (machipukizi yanayoota tena kwenye mabua) na mng'oe mpunga mwitu, Oryza longistaminata, maana humo ndimo anamopitishia kiangazi.

Msing'oe nyasi ya Paspalum scrobiculatum kingoni kwa kuwa tu nayo ina mirija. Usubi wake ni mwingine, Orseolia bonzii, asiyegusa mpunga. Baadhi ya nyigu wanaomshambulia ndio hao hao wanaohamia majarubani kumshambulia usubi wa mpunga.