Je, wajua utelezi wa kwenye mawe unaweza kutwambia afya ya mto Sabaki?

Mvua ikikolea bara, bahari ya Malindi hugeuka kahawia. Udongo huo huletwa na Sabaki, mto ule ule uitwao Athi huko juu na Galana katikati, unaopokea maji ya mto Nairobi kabla ya kumwagika baharini karibu na Mambrui. Udongo kila mtu anauona. Maji ya vyoo na mbolea za mashamba, je, utayajuaje?

Ukichota maji chupani ukayapima, utapata habari za saa ile tu. Uchafu uliopita jana usiku umeshafika baharini. Mwani ulioshika jiwe, huo ule utelezi unaotuangusha tukivuka mto, hauendi popote. Umekunywa maji hayo kwa wiki kadhaa, na aina zisizoyastahimili zimekufa zikaziachia nafasi aina nyingine.

Wapimaji hupenda zaidi daiatomu, mwani wa chembe moja usioonekana kwa macho, wenye ganda la silika, madini yale yale ya kioo. Mtaalamu husugua jiwe kwa mswaki, mswaki huu huu wa meno, akakusanya tope la kijani na hudhurungi kwenye sinia. Maabarani, tope hilo huchemshwa kwa dawa kali hadi yabaki maganda matupu. Chini ya hadubini inayokuza mara 1,000, kila ganda lina mistari na vitundu vyake, na hapo huhesabiwa mamia, moja moja. Ikitawala aina ya daiatomu iitwayo Nitzschia palea, maji yamejaa uchafu. Ikizidi aina nyingine, Achnanthidium minutissimum, mara nyingi maji ni safi na yana oksijeni ya kutosha. Wajerumani Kolkwitz na Marsson walipanga viumbe vya majini kwa namna hii tangu 1908.

Kwa mto mkubwa kazi ni ngumu. Maji yakiwa na tope jingi, mwanga haufiki chini na mwani hauoti huko, basi hutafutwa kingoni, au hutumbukizwa vipande vya kioo ili uote juu yake. Karibu na Mambrui kuna tatizo jingine: bahari ikijaa, chumvi huingia mtoni pamoja na daiatomu za baharini, na hesabu huvurugika. Lazima upande juu zaidi.

Mimi ningeanzia pale mto Tsavo, wenye maji safi ya chemchemi za Mzima, unapokutana na Athi. Sugua mawe ya juu ya makutano, kisha ya chini yake, ulinganishe. Utajua Galana inateremka kuja kwetu ikiwa na nafuu kiasi gani.