Ulijiandikisha, sawa. Kwenye kitabu kipi?

Mei 2025, mzunguko wa pili wa kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulipofika kwetu Kigoma, mimi mwandikishaji nilikaa na mashine ya BVR, ile inayochukua picha na alama za vidole, karibu na mwalo wa Kibirizi. Akapita mama muuza dagaa, beseni kichwani. Nikamkaribisha.

"Mimi nilishajiandikisha, mwanangu. Oktoba, pale pale shuleni."

"Kadi iko wapi, mama?"

"Kadi gani tena? Niliweka dole gumba kitabuni, nikaondoka."

Siku hiyo alikuwa wa tisa kuniambia hivyo.

Jamani, maandikisho ya Oktoba 2024 yalikuwa ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Ile ni orodha ya wapiga kura ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa, kijiji au kitongoji. Inaandikwa kwa kalamu, haina picha wala kadi, na kazi yake ilikwisha Novemba 27, 2024. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na ndilo la kumchagua rais, mbunge na diwani. Ndiyo, hata diwani, ingawa anakaa halmashauri na watu humhesabu kuwa wa serikali za mitaa. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Siwalaumu sana. Shule ni ile ile, meza ile ile, pengine hata mwalimu anayeandika ni yule yule. Lakini kumbuka: ulipigwa picha? Ulibonyeza vidole kwenye mashine? Ulitoka na kadi siku ile ile? Kama hayo hayajakutokea hata mara moja tangu 2015 BVR ilipoanza, Daftarini haumo, hata mwenyekiti wako akuapie.

Kuna na kinyume chake. Uboreshaji ulizinduliwa hapa hapa Kigoma, Julai 20, 2024. Kijana mmoja mvuvi akapata kadi yake mpya, akaipigia na plastiki, Oktoba akatupita akicheka kwamba yeye alishamaliza. Novemba akafika kupiga kura, jina halimo. Kadi ile haikuwa na kazi siku hiyo. Alinuna na mimi wiki nzima, kana kwamba sikumwita.

Na kuna maneno mengine ninayoyasikia. "Kadi ya 2015 imeisha muda." Haijaisha. Kama taarifa zako hazijabadilika, kaa nayo nyumbani, usituongezee foleni.

"Nimehama, najiandikisha upya." Unahamisha taarifa, hujiandikishi upya. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na vidole vyako vitakusema. Nyie mnaokwenda mashamba ya tumbaku Tabora msimu mzima, hili ni lenu.

"NIDA inatosha." Kitambulisho cha Taifa kinaweza kumsaidia aliyepoteza kadi, mradi jina limo Daftarini na linafanana. Asiyeandikishwa hakimsaidii kitu.

"Wa tajnisi hawapigi kura," yaani wageni waliopewa uraia. Hili nalisikia likisemwa juu ya watu wa Ulyankulu kule Tabora, waliokuwa wakimbizi kutoka Burundi, na linaniudhi. Raia ni raia. Mwenye miaka 18, au atakayeitimiza kufikia siku ya kura, anaandikishwa.

Na Daftari la Awali, yaani orodha ya majina ya kukaguliwa kabla Daftari halijakamilishwa, likibandikwa ukutani, nenda kasome jina lako herufi kwa herufi. Yule mama wa dagaa tulimwandikisha; alipokuja kulisoma alikuta "Mwajuma" limeandikwa "Mwanjuma". Tulilisahihisha beseni likiwa bado kichwani.